Pambano Kali la Mieleka Hutengenezwa na Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule aliyekaa na shabiki mbele ya runinga akabaki anashangaa mtu mzima anapigia kelele nini. Wa pili ni shabiki mwenyewe, aliyeulizwa akakosa jibu. Majibu ni yangu, na mashabiki wenzangu watayapinga mengine. Hiyo nayo ni sehemu ya starehe.

Kama mshindi amepangwa, pambano litakuwaje zuri?

Kwenye filamu tunajua steringi hafi, na bado moyo unadunda akining'inia ukingoni. Mieleka ya kulipwa iko hivyohivyo. Haendi mtu kule kutafuta nani mwenye nguvu zaidi. Tena si siri: mwaka 1989 kampuni ya mieleka ya Vince McMahon (ile ambayo leo ni WWE) iliwaambia maseneta wa jimbo la New Jersey kwamba shughuli yao ni burudani, si mashindano, ili iondolewe chini ya usimamizi wa tume ya michezo. Watazamaji hawakukimbia.

Kinachopangwa hasa ni mwisho na vituo vichache vya njiani. Namna ya kufika huko ndiyo kazi yenyewe, na hapo ndipo mmoja anaonekana fundi na mwingine anabaki kurukaruka tu.

Basi nani anaamua kitakachotokea ulingoni?

Ofisi huamua nani anashinda na pambano lichukue muda gani. Yaliyobaki hupangwa na wanamieleka wenyewe, mara nyingi wakisaidiwa na mkongwe aliyestaafu. Hapo mafundi hugawanyika. Wapo wanaokubaliana mambo machache tu, kisha wananong'onezana wakiwa wamekabana, huku wakisikiliza ukumbi unataka nini. Wapo wanaopanga kila hatua. Randy Savage alikuwa wa kundi hili la pili: aliandika pambano zima na kulikariri kama mwanafunzi anayesubiri mtihani.

Shule zote mbili zimetoa makubwa. Tarehe 29 Agosti 1992, kwenye uwanja wa Wembley jijini London, Bret Hart alipambana na shemeji yake, Davey Boy Smith. Hart amesimulia kwamba mwenzake alisahau mpango wote mara tu baada ya kuanza, ikabidi yeye amwongoze kwa minong'ono hadi mwisho. Litazame ukijua hilo. Kila wanapokabana, angalia mdomo wa Hart.

Ukilazimishwa kutaja kitu kimoja kinacholiinua pambano, utataja nini?

Deni. Kila kinachofanyika kiache deni, na deni lilipwe kabla kengele ya mwisho haijalia. Umempiga mtu goti kwa dakika tano? Basi akijaribu kukimbia baadaye, goti limsaliti. Umeshindwa kumnyanyua mwanzoni? Tutasubiri tuone kama utaweza mwishoni. Pambano bovu ni lile ambalo ungeweza kuchanganya matukio yake, la katikati likaanza na la mwanzo likamaliza, na mtu asigundue.

Mfano wangu wa siku zote ni Randy Savage na Ricky Steamboat, WrestleMania III (onyesho kubwa la kila mwaka la kampuni ya McMahon), tarehe 29 Machi 1987, Pontiac Silverdome, Michigan. Miezi michache kabla, Savage alikuwa amemjeruhi Steamboat koo kwa kutumia kengele ya ulingo. Hadithi ni nyepesi, hata mtoto anaifuata: jamaa amerudi kudai koo lake. Pambano lenyewe halifiki hata robo saa, na ndani yake watu wawili hawapumui. Mwishoni refa ameangushwa, na Savage anaikimbilia kengele tena. Anapanda nayo kwenye kona. George Steele, aliyekuja upande wa Steamboat, anamsukuma kutoka juu. Savage anaamka akiwa bado na kizunguzungu, anamnyanyua Steamboat ili ambwage, na Steamboat anamkunja kama mkeka, mabega chini. Refa ameshaamka, anahesabu, na mabega yakikaa chini hadi tatu umeshindwa. Moja, mbili, tatu. Kengele iliyoanzisha ugomvi ndiyo iliyompotezea Savage mkanda wake wa ubingwa.

Ukilitazama hilo umezima sauti, bado utaelewa kila kitu. Mimi hupima mapambano mengi kwa njia hiyo.

Mashabiki husema fulani "anauza" vizuri. Anauza nini?

Anamuuzia mwenzake mapigo. Ngumi haina uzito mpaka aliyepigwa aonyeshe kwamba imemfika. Kuuza ni kuchechemea, kushika mbavu, kushindwa kuinua mkono. Na kazi ngumu si kulia wakati wa kupigwa, ni kukumbuka dakika kumi baadaye kwamba uliumizwa bega lipi.

Wapo wanaopunguza na wapo wanaozidisha. Anayerushwa ukutani akainuka anatabasamu amemwibia mwenzake kazi yake. Anayegaagaa kama samaki nchi kavu kwa kofi moja naye anaharibu, labda kama nia ilikuwa kuchekesha.

Uuzaji ninaouheshimu kuliko wote ni wa uso. WrestleMania ya 25, Houston, 5 Aprili 2009: The Undertaker anambwaga Shawn Michaels kichwa chini kwa pigo lake la kumalizia, lile ambalo watu hawaamki. Michaels anajinasua kabla ya tatu. Kamera inamwendea Undertaker, na yule mtu ambaye kwa karibu miaka ishirini aliigiza maiti isiyo na hisia ametoa macho kama aliyeona mzimu. Hasemi neno. Ukumbi mzima uliamini kwa sababu yeye aliamini.

Kwa nini wanang'ang'ania kiungo kimoja, mguu au mkono?

Ili deni liwe na anwani. Mtazamaji akishajua kwamba mkono wa kushoto ndio mbovu, kila mkono huo unapoguswa, yeye ndiye anayekunja uso.

Bayley na Sasha Banks walilitumia hili vizuri huko Brooklyn tarehe 22 Agosti 2015. Bayley alikuwa ametoka kuumia mkono miezi ya nyuma, na kila aliyemfuatilia alijua. Banks hakuhitaji kubuni lolote: aliukanyaga mkono uleule. Hapo ukumbi ukazidi kumshika Bayley, naye hakuwa amefanya kitu zaidi ya kuugulia. Aliposhinda, watu walikuwa wanafuta machozi. Nasema watu, lakini nilikuwa mmoja wao.

Kasoro ya kawaida ni mtu kubanwa mguu kwa dakika nane, halafu anakimbia na kuruka juu ya kamba kama swala. Hapo dakika nane zetu zimekwenda bure.

Lazima pawe na steringi na adui?

Si lazima, lakini inarahisisha. Mapambano ya watu wawili wanaopendwa yapo na mengine ni makubwa, ila huhitaji sababu nyingine ya kuyashika, kama heshima, wivu au umri unaokwenda. Adui mzuri hufanya kazi kubwa kuliko steringi. Yeye ndiye anayeamua mwendo wa pambano na lini tumaini likatwe, na mwishoni anakubali kuaibishwa mbele ya maelfu. Ric Flair alijenga jina lake hivyo. Alikuwa bingwa anayejigamba hadi ukatamani apigwe, kisha akipigwa anapiga magoti kuomba msamaha huku akitafuta jicho la kuchoma kidole. Mapambano yake matatu na Steamboat mwaka 1989, Chicago mwezi Februari, New Orleans mwezi Aprili na Nashville mwezi Mei, ni darasa tosha la kazi hiyo.

Kisha kuna pale ambapo steringi na adui wanabadilishana viti mbele ya macho yako. Tarehe 23 Machi 1997, karibu na Chicago, Bret Hart aliingia kama mtu mwema na Steve Austin kama mhuni. Sharti lilikuwa moja: unashinda kwa kumfanya mwenzako asalimu amri. Austin akapasuka, damu ikamfunika uso, Hart akamkunja miguu kwa mkabo wake maarufu, na Austin akakataa kusalimu. Hakusema basi. Alizimia. Refa wa siku ile, Ken Shamrock, akasimamisha pambano. Hart, ambaye alikuwa ameshashinda, akarudi kumpiga mtu aliyelala. Aliondoka akizomewa. Austin aliukataa msaada, akatoka kwa miguu yake huku akipepesuka, na ukumbi ukilitaja jina lake. Walioingia wakimchukia Austin walitoka wakimpenda, na hotuba hazikuwepo.

Kwangu hilo ndilo pambano bora kuliko yote. Najua wapo watakaokataa.

Watazamaji wana mchango gani?

Ni mpambanaji wa tatu, na asipokuja kazini pambano linakufa. Tazama mapambano yaliyofanyika kumbi zikiwa tupu mwaka 2020 wakati wa korona. Mapigo yalikuwa yaleyale, lakini kila kitu kilionekana kama mazoezi.

Mwanamieleka mkubwa hujulikana pale ukumbi unapokataa mpango wake. Toronto, 17 Machi 2002, Hulk Hogan alipangwa kuwa adui wa The Rock. Watu hawakutaka kusikia. Walimkumbuka Hogan wa utoto wao, wakamshangilia mpaka majukwaa yakatetemeka, na The Rock, aliyekuwa kipenzi, akazomewa. Mtu mwenye kichwa kigumu angeendelea na mpango. Wale wawili walitazamana, wakageuza gia hewani: Rock akawa mkali zaidi, Hogan akaanza kuamka kila akipigwa kama zamani. Ukihesabu ufundi wa mapigo, pambano lile ni la kawaida sana. Ukisikiliza kelele, utaelewa kwa nini bado linatajwa.

Kwa hiyo ufundi si muhimu?

Ni muhimu, lakini ni chombo tu. Siku ileile ya Savage na Steamboat, Hogan alipambana na Andre the Giant. Andre alikuwa na maumivu makali ya mgongo, alikuwa amefanyiwa upasuaji, na hakuweza kufanya mengi. Dakika za mwanzo Hogan anajaribu kumnyanyua, anashindwa, jitu linamwangukia, na nusura hesabu ifike tatu. Tangu hapo swali ni moja tu: atamnyanyua au hatamnyanyua? Dakika kumi na kitu baadaye akamnyanyua. Dave Meltzer, mwandishi maarufu kwa kupima mapambano kwa nyota, aliliweka pambano hilo chini ya sifuri. Namheshimu, lakini pambano ambalo picha yake inajulikana na watu wasiojua mieleka haliwezi kuwa chini ya sifuri.

Hizo nyota ni za nini, na nizifuate?

Meltzer huandika jarida liitwalo Wrestling Observer Newsletter, na kwa muda mrefu kipimo chake kilijulikana kwa nyota tano. Kazuchika Okada na Kenny Omega walipopambana Tokyo Dome tarehe 4 Januari 2017 akawapa sita. Juni 2018 akawapa saba. Tangu hapo watu wanabishana kuhusu nyota kuliko mapambano.

Zitumie kama unavyotumia ushauri wa rafiki mwenye ladha yake. Yeye anapenda mwendo wa kasi, ugumu wa mapigo na mieleka ya Japani. Ukipenda vichekesho au tamthilia ya kisasi, nyota zake zitakupoteza.

Pambano refu ni bora kuliko fupi?

La. Robo saa ya Savage na Steamboat imewashinda wengi waliopewa saa nzima. Urefu ni kama chumvi, unafaa ukiwa na cha kutia.

Lakini Okada na Omega waliustahili. Lile la Januari 2017 lilikaribia dakika 47. Omega alikuwa na pigo liitwalo One-Winged Angel: anambeba mtu mabegani, kisha anamtua kichwa na shingo chini. Usiku ule alilitafuta tena na tena na Okada akalikwepa kila mara, mpaka Omega akashindwa bila kulipata hata mara moja. Juni 2017, Osaka, hatimaye lilimpata Okada, naye akaokoka kwa sababu mguu wake uligusa kamba. Dakika 60 zikaisha bila mshindi. Mwaka uliofuata, mjini humohumo, Omega ndipo alipoutwaa ubingwa. Deni la mwezi Januari lililipwa baada ya miezi kumi na saba, na aliyefuatilia safari nzima alilipwa pamoja na Omega.

Tahadhari moja: pigo la kumalizia ni mtaji. Kila mtu akiamka baada ya kupigwa nalo mara tatu, kesho halitamtisha yeyote. Siku hizi ugonjwa huu umeenea, hesabu inafika mbili na nusu mara kumi na tano, na ya kumi na sita haishtui mtu.

Kuruka kutoka juu ya ngazi na mapaa kunaongeza ubora?

Inategemea unaruka kwa ajili ya nini. Shawn Michaels na Razor Ramon, Madison Square Garden, 20 Machi 1994, walitumia ngazi kwa sababu mikanda ilikuwa imetundikwa juu ya ulingo. Ngazi ilikuwa njia ya kufikia walichokitaka. Waigaji waliokuja baadaye waliifanya ngazi kuwa mhusika mkuu.

Kuhusu Mick Foley kutupwa kutoka juu ya kizimba cha waya kilichofunika ulingo huko Pittsburgh tarehe 28 Juni 1998, karibu mita tano hadi kwenye meza ya watangazaji: haisahauliki, na sitaki kuona mtu akiirudia. Muda mfupi baadaye paa la kizimba lilifumuka akaanguka tena hadi ulingoni, na hilo la pili halikuwa kwenye mpango.

Kwani wanaumia kweli?

Ndiyo. Ulingo ni mbao juu ya vyuma, sponji nyembamba na turubai. Wanajifunza kuanguka ili uzito usambae mgongoni na kidevu kibaki kifuani, lakini mbao ni mbao. Mitsuharu Misawa, mmoja wa mafundi wakubwa waliowahi kutoka Japani, ambaye pambano lake na Toshiaki Kawada la tarehe 3 Juni 1994 hutajwa miongoni mwa bora ya wakati wote, alifariki baada ya kuumia shingo ulingoni Hiroshima tarehe 13 Juni 2009. Shingo ile ilikuwa imebeba miaka mingi ya kutua vibaya kwa ajili yetu. Siwezi tena kutazama kazi zake za zamani bila kuhesabu.

Ndiyo maana pambano bora, kwangu, ni lile linaloonekana hatari kuliko lilivyo. Kinyume chake si ushujaa.

Refa anafanya nini hasa, mbona anadanganywa kirahisi hivyo?

Kudanganywa ni kazi aliyopewa. Nyingine hazionekani: anapeleka ujumbe kati ya wapambanaji, anawaambia muda uliobaki, na anauliza kimyakimya kama aliyeanguka yuko salama. Akiinua mikono na kuipishanisha juu ya kichwa, kwa kawaida anawaita madaktari na mchezo umekuwa kweli.

Refa mzuri hutamkumbuka. Ila hesabu yake ikikosa pumzi moja, pambano zima linapoteza mwendo.

Mikanda, barakoa, nywele: dau linasaidia?

Sana, mradi anayeweza kupoteza ana cha kupoteza. Mexico wameelewa hili kuliko wote. Kule barakoa ya mpambanaji ni uso wake na jina lake, na akishindwa pambano la barakoa kwa barakoa anaivua hadharani, jina lake halisi linatangazwa, na hairudi tena. El Santo alimvua Black Shadow mwaka 1952 na umaarufu wake ukapaa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuliwa ulingoni. Aliufunua uso wake kidogo tu kwenye runinga mwanzoni mwa 1984, akafariki siku chache baadaye, na akazikwa na barakoa yake.

Linganisha na mkanda uliobadilisha mikono mara nne ndani ya miezi miwili.

Sijawahi kutazama. Nianze na lipi?

Savage na Steamboat, kwa sababu ni fupi na halihitaji maelezo. Kisha Michaels na Undertaker wa 2009, ukiwa na nusu saa isiyo na simu. Ya Okada na Omega yaache mpaka uwe na subira, na uyatazame kwa mpangilio wa tarehe. Katikati weka Hart na Austin. Ukifika mwisho wake, rudisha nyuma dakika tatu, uache kuutazama ulingo, utazame watu wa mistari ya mbele: nani alikuwa ameinua kidole kumtukana Austin wakati anaingia, na kidole hicho kiko wapi sasa.